Bei ya Printa si Gharama ya Picha

Mwenzangu mmoja katika idara alinijia hivi karibuni na karatasi ya matangazo ya duka mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, kati ya printa hizi, ipi iliyo rahisi na inayotoa picha nzuri ya kutundika nyumbani?" Nilimjibu kwamba karatasi ile haikuwa na hata tarakimu moja ya kumsaidia kuchagua. Alidhani namfanyia mzaha.

Jibu hilo nimelipata kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua printa ndogo kwa bei iliyonifurahisha. Nilichapa picha za arusi ya mdogo wangu, pamoja na picha moja ya marehemu baba, ambayo mama aliitundika sebuleni, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Katriji za wino zilikwisha kabla picha za arusi hazijafika nusu, na bei ya katriji mpya mbili ilikaribia bei ya printa yenyewe. Hilo lingesameheka. Lakini miaka miwili haikupita kabla uso wa baba haujapauka na kubaki na umanjano kama wa mgonjwa. Mama hakulalamika, aliitoa tu picha ukutani.

Printa nyingi za nyumbani hufanya kazi kwa kurusha wino. Kichwa chake kina mamia ya vitundu vyembamba kuliko unywele. Printa za Canon na HP huupasha wino joto la ghafla hata povu likausukuma nje; zile za Epson hutumia fuwele inayojikunja ipitishwapo umeme. Njia zote mbili zaweza kutoa picha nzuri, kwa hiyo mnunuzi asisumbuliwe nazo. Wala asisumbuliwe na tarakimu kubwa za sandukuni, kama vile 4800 kwa 1200, ambazo huhesabu vituo ambapo tone laweza kuangukia, wala si uzuri wa picha. Picha ya kushika mkononi huhitaji kiasi cha nukta 300 kwa inchi. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 ni nukta 1,200 kwa 1,800 hivi, na simu za leo hupita kiwango hicho kwa mbali. (Ila picha iliyotumwa kwa WhatsApp aghalabu huwa imepunguzwa njiani. Mwombe mpigaji picha akupe ile ya asili.)

Printa za leza, zinazoyeyusha unga wa rangi juu ya karatasi, ni hodari kwa barua na mitihani. Kwa picha za ukutani sizipendekezi.

Kiini cha mambo ni wino. Katriji ndogo ya printa ya bei nafuu huwa na mililita chache tu, na idadi ya kurasa inayotajwa na watengenezaji hupimwa kwa kurasa za maandishi na michoro, ambazo wino hufunika sehemu ndogo tu ya karatasi. Picha hufunikwa yote, pembe hadi pembe. Hivyo mtu aliyeahidiwa kurasa 200 asishangae akipata picha chache mno. Biashara yenyewe imejengwa juu ya hesabu hiyo: printa huuzwa kwa bei ya kuvutia, na faida hutafutwa kwenye wino. Mwaka 2010 Epson ilianza kuuza huko Indonesia printa zenye matangi, ambazo hujazwa kwa chupa, na baadaye kampuni nyingine zikafuata. Chupa moja huwa na kiasi cha mililita 70. Printa ya tangi huuzwa ghali zaidi siku ya kwanza. Kwa mtu achapaye picha kila juma, hapana shaka kwamba ndiyo iliyo rahisi.

Hata hivyo matangi si yote sawa. Nyingi huwa na wino wa rangi nne. Zenye rangi sita mara nyingi huongezewa sayani hafifu na majenta hafifu, ambazo hulainisha mahali penye mwanga, kama mbingu na mashela. Lakini sisi hupiga picha za nyuso nyeusi, na uso mweusi hutegemea weusi mzito na kijivu kilichopangika vizuri. Bila hivyo mashavu na paji la uso huungana kuwa doa moja. Kuna printa ambazo rangi zake za ziada ni pamoja na kijivu, nami ningezitazama hizo kwanza. Dukani usikubali picha yao ya maonyesho, yenye kasuku na matunda. Nenda na picha ya bibi yako kwenye simu, uombe wachape hiyo.

Kuhusu kudumu, wino wa rangi iliyoyeyuka hung'aa sana lakini hushindwa mapema na jua na hewa. Wino wa pigmenti, yaani chembe zisizoyeyuka, hustahimili zaidi, ila printa zake za picha ni ghali. Karatasi nayo iwe ya picha, yenye tabaka la kupokea wino, wala isiachwe wazi katika unyevu wa pwani. Kioo husaidia sana.

Na wale wanaochapa mara tatu kwa mwaka? Hao wasinunue printa ya wino hata kidogo. Vitundu hukauka, na kila usafishaji wa kichwa hula wino uleule ulionunuliwa kwa picha. Wakitaka mashine ya nyumbani, zipo ndogo zinazotumia utepe wa rangi na joto, kama Canon Selphy; utepe na karatasi huuzwa pamoja kwa idadi maalumu ya picha, kwa hiyo gharama ya kila moja hujulikana kabla. La sivyo, studio zinazosafisha picha kwa karatasi ya kemikali bado zipo mijini.

Ningependa kuona Shirika la Viwango Tanzania likidai kila sanduku la printa liandikwe idadi ya picha za sentimita 10 kwa 15 zinazotoka katika seti moja ya wino. Kipimo chenyewe si kigumu, na mwenzangu yule angeweza kugawanya mwenyewe kwa kalamu.

Ama picha ya baba, nakala yake ya zamani tuliipeleka studio. Sasa ina kioo, na imetundikwa ukuta wa ndani, mbali na dirisha.