Punda Hana Wazimu, Ana Mahindi Mabovu

Fadhila za punda ni mateke. Methali hii tulikaririshwa tangu shule ya msingi, na sijawahi kusikia mwalimu hata mmoja akiuliza huyo punda alikuwa amelishwa nini kabla hajapiga teke.

Hapa Nakuru punda ni wafanyakazi. Ndio wanaovuta mikokoteni ya maji Kaptembwa na Rhonda, mitungi ishirini na kitu kwa safari moja, na kila mtungi ukijaa ni kilo 20. Halafu siku moja utasikia kuna mmoja "ameingiwa". Hataki kwenda, anauma, anazunguka pale pale, anasukuma ukuta kwa kichwa. Dawa inajulikana: kiboko. Kiboko kikishindwa, basi ni pepo, ama jirani amemroga, ama ni tabia ya punda tu, utafanyaje.

Sasa mtazame farasi, maana Bonde la Ufa hili hili ni nchi ya farasi kitambo. Njoro ndiko Charles Clutterbuck alikofuga farasi wa mbio enzi za walowezi, na binti yake Beryl Markham akakulia kati yao hadi akawa mkufunzi wa farasi mwenyewe. Gilgil bado wanacheza polo. Farasi wa watu kama hao akianza kurusha miguu na kushtuka ovyo, swali linaloulizwa mapema ni moja: anakula nini? Nafaka inapunguzwa, nyasi zinaongezwa, daktari anaitwa. Punda ni wa ukoo mmoja na farasi, matumbo yao yanafanya kazi kwa njia moja, lakini yeye hakuna anayemuuliza. Kinachotofautiana hapo ni mfuko wa mwenyewe.

Hawa wanyama hawacheui kama ng'ombe. Tumbo lao la mbele ni dogo, na kazi ya kuvunja nyasi inafanyika huko nyuma, kwenye utumbo mpana, ikifanywa na vijidudu vilivyozoea nyasi na mabua. Ukimmwagia mahindi mengi kwa mara moja, wanga mwingine unapita bila kumeng'enywa, unafika nyuma na kuchacha. Asidi inapanda. Tumbo linasokota, na kwato zinaweza kuvimba kwa ndani. Mwaka 2015 watafiti Ufaransa walionyesha kwamba farasi aliyezoea nyasi kavu akichanganyiwa shayiri, vijidudu vya utumbo wake vinabadilika, na tabia yake pia. Kwa hivyo wale wanaosema eti shibe inampa punda kiburi wameona kitu cha kweli, wakakipa jina la uongo. Mnyama ana maumivu. Na punda mwenye kwato zinazowaka hatembei, hata umchape mpaka jioni.

Hayo ni mahindi mazuri. Ubishi wangu hasa ni juu ya mabovu.

Kuna kuvu inaitwa Fusarium, inaota kwenye mahindi, nyeupe au ya rangi ya waridi, na inatoa sumu iitwayo fumonisini. Watafiti wa Afrika Kusini waliitambua mwaka 1988, na mwaka huo huo wakaonyesha kwamba farasi akidungwa sumu hiyo anapata ugonjwa wa kuoza ubongo. Dalili zake? Anakosa hamu ya kula, anayumba, haoni vizuri, anazunguka, anasukuma ukuta kwa kichwa, pengine anapandwa na wazimu kabisa. Soma tena orodha ya yule punda aliyerogwa.

Ujanja wa sumu hii ni kwamba haimuumizi kila mnyama sawasawa. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani unataka mahindi ya farasi na punda yasizidi sehemu 5 za fumonisini kwa milioni, tena yasizidi asilimia 20 ya chakula chote. Ng'ombe wa kuchinjwa wamewekewa 60. Kwa hivyo mtu akiniambia, "Kwani shida iko wapi, ng'ombe wangu amekula gunia hilo hilo na yuko sawa," namwamini. Ng'ombe yuko sawa. Punda anaweza kufa kwa lile lile, na ubongo ukishaanza kuoza hakuna dawa.

Sisi tunajua kuvu vizuri sana. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, sumu ya kuvu nyingine, aflatoksini, iliwagonjesha watu 317 na kuua 125. Tangu hapo tunaogopa mahindi mabovu, lakini hofu yetu inaishia kwenye sufuria. Yakikataliwa na mlaji, yanapata jina jipya, "mahindi ya mifugo", na bei inashuka. Ni nani atayanunua kama si yule ambaye nyasi zimemshinda bei?

Simlaumu sana mwenye mkokoteni. Punda ndiye karo na kodi ya nyumba, na bei yake ilipanda vichinjio kama kile cha Maraigushu, Naivasha, vilipokuwa vinawameza, kabla serikali haijatangaza marufuku mwaka 2020. Hakuna anayemuua punda wake kusudi. Ninaowalaumu ni wanaouza gunia wakijua ni bovu, na kaunti ambayo ugani wa mifugo ni kazi yake kikatiba. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Egerton, inayofundisha lishe ya mifugo, iko Njoro, matatu moja tu kutoka stendi. Kwa nini elimu hii haijashuka Kaptembwa?

Na mambo yenyewe si magumu. Punda anatosheka na mabua makavu, nyasi za kawaida, maji na chumvi, ale kidogo kidogo siku nzima. Mahindi, kama ni lazima, yawe konzi ya mahindi safi, na yenye kuvu yasimfikie kabisa. Anayeyauza aandike kwenye gunia ni ya mifugo gani, na punda asiwemo.