Fizi: Wazazi wa Misisi wasifukuze karata zote, zinafundisha hesabu

Huko Misisi, kituo cha dhahabu kusini mwa teritware ya Fizi, karata zina jina baya. Mzazi akikuta mtoto ameshika karata, anafikiria papo hapo wale wachimbaji wanaotoka shimoni na kuacha mapato ya juma zima juu ya mkeka. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mchezo wa pesa ni jambo moja, na paketi ya karata 52 ni jambo lingine. Ukiondoa pesa, zinabaki namba.

Na namba ndizo zinazowasumbua watoto wengi shuleni. Si kwamba hawajui kuhesabu. Mtoto anayeuza maji au ndizi kando ya barabara anarudisha franka zinazobaki bila kukosea. Mbele ya ubao, mtoto yule yule anakwama. Jambo hili si la Fizi peke yake. Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, walichapisha matokeo yao juu ya watoto wachuuzi: sokoni walijibu vizuri maswali 98 kwa 100, lakini hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi, walipata 37 tu. Mwaka 2025 kundi la akina Abhijit Banerjee na Esther Duflo lilionyesha jambo kama hilo Delhi na Kolkata, India. Tena, watoto wa shule wasiofanya biashara nao walishindwa hesabu za sokoni.

Kati ya soko na ubao kunakosekana daraja. Karata zinaweza kuwa daraja hilo, kwa sababu namba imeandikwa mbele ya macho lakini hesabu inafanywa kichwani, haraka, na mtu anayetaka kushinda.

Shule peke yake haitaweza. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa mwaka 2019, watoto wengi zaidi waliingia darasani, na hilo ni jambo zuri. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto akijumlisha. Mama au kaka mkubwa, jioni baada ya chakula, ana nafasi hiyo, hata kama hakumaliza shule.

Mchezo wenyewe hauna ugumu. Zinaondolewa karata 12 zenye sura za watu, zinabaki 40, kuanzia 1 hadi 10. Wadogo wanaweza kutafuta kumi: 4 inaita 6, 7 inaita 3. Wakubwa kidogo wanafunua karata mbili mbili. Mwenye jumla kubwa anachukua zote nne. Wa darasa la nne na kuendelea wanazidisha badala ya kujumlisha, na hapo 7 mara 8 haikaririwi tena kwa fimbo, inatafutwa kwa hamu.

Kuna siri moja nzuri. Karata hizo 40 zikijumlishwa zote, jibu ni 220. Kwa hiyo mchezo ukiisha, kila mmoja anahesabu alizokusanya. Mmoja akisema 128, mwenzake lazima awe na 92. Jumla ikipita au ikipungua, kuna aliyekosea, na watoto wenyewe watabishana hadi wamwone. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kukagua kazi yote kwa namba hiyo moja.

Lugha nayo isisahaulike. Watoto wengi wa Kivu wanahesabu pesa kwa Kifaransa na vitu vingine kwa Kiswahili, na shuleni wanachanganyikiwa. Wakati wa kucheza, namba itajwe kwa lugha zote mbili. Familia za Kibembe ziongeze Kibembe pia, hakuna hasara.

Wachungaji na wazee watasema kwamba mtoto anayezoea karata leo atacheza kwa pesa kesho. Swali lao ni la haki, hasa katika kituo cha machimbo. Basi sheria ya nyumba iwe kali: hakuna franka, hakuna pipi, hakuna dau la aina yoyote, na mtu mzima awepo. Anayeona hata hivyo ni hatari, akate katoni vipande 40 na kuandika namba kwa kalamu. Hesabu haitabadilika.

Tatizo kubwa zaidi liko mbele ya mizani. Ikiwa gramu 1 ya dhahabu inanunuliwa kwa dola 80, mwenye gramu 0,3 anastahili dola 24. Kijana asiyeweza kupata 24 kichwani atapokea chochote atakachopewa na mnunuzi, ataondoka akishukuru, na kesho yake atashuka tena shimoni.