Msikubali Bomba la Maji Lipite Kwenye Udongo wa Sumu

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa kijijini, leo siandiki habari za mbolea. Naandika habari za mtaro wa bomba.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kikao cha kamati ya maji. Fundi alitaka bomba likate katikati ya uwanja wa gereji ya zamani, palipomwagwa oili chafu na dizeli miaka mingi. Sababu? Njia ni fupi na mabomba yatatosha. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nilipinga, na hapa napinga tena.

Mnasema, "Bomba limefungwa, uchafu utapita wapi?" Utapita ukutani. Petroli na kemikali za kuyeyushia rangi hupenya plastiki hata kama bomba halina ufa. Maji yakilala bombani usiku kucha, anayefungua koki wa kwanza asubuhi ndiye anayekunywa. Ndani ya petroli mna benzini, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 tu kwa lita ya maji.

Njia ya pili ni mgao. Maji yakikatika, presha inashuka, na kiungo kinachovuja kinafyonza maji machafu ya ardhini. Ni kijiji gani hapa kisicho na mgao?

Na msiniambie mtachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini ya risasi hayaondoki. Maji yakipungua sufuriani, yanazidi kukolea. Klorini nayo haiyaondoi. Kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua makazi kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna fidia inayourudisha.

Kwa hiyo, kabla jembe halijagusa ardhi, daini haya:

1. Waulizeni wazee eneo lile lilikuwa nini: gereji, ghala la mafuta, ghala la dawa za mifugo, mahali pa kuvunjia betri? Kisha udongo upimwe maabara.
2. Bomba lizungushwe, hata kama njia ni ndefu.
3. Ikishindikana kabisa, sehemu hiyo liwekwe bomba la chuma lililopakwa kinga ya kutu, au la plastiki lenye tabaka la alumini ndani ya ukuta wake. Viungo visiwepo hapo, maana mafuta hupenya hata mpira wa kiungo.
4. Mtaro ujazwe mchanga safi. Udongo uliochimbwa usirudishwe, wala usipelekwe shambani.
5. Wachimbaji wavae glavu na buti, wanawe kabla ya kula.

Mtasema fedha hazitoshi. Je, za kufukua bomba lote baadaye zitatoka wapi? Mama lishe, muuza barafu, mkulima wa mchicha, maji hayo ndiyo mtaji wenu. Siku yakinuka petroli, mteja hatauliza fundi alikuwa nani. Atahama.

Kikao kijacho nyoosha mkono, uulize swali moja tu: "Bomba linapita kwenye udongo gani?" Asiyeweza kujibu asipewe kazi ya kuchimba.