Kipimo chenyewe hakijapimwa, mnatuambia hewa ni salama?

Leo sina stori za bumu wala foleni ya kantini, nina ugomvi. Kuna hoja imeshika kasi hapa chuo: eti tukitaka kujua wapuliziaji wa salfa kule Nachingwea na Ruangwa wanavuta vumbi kiasi gani, tununue visensa vya bei poa, tuvitundike mikoroshoni, namba zitasema. Nabisha.

Unga wa salfa wa kuzuia ubwiriunga si sawa na moshi wa kuni. Chembe zake nyingi ni kubwa, nzito. Kisensa kinavuta hewa kwa kifeni kidogo, kinaimulika, kinakadiria. Moshi kinauona vizuri tu. Chembe kubwa zinashindwa kufuata hewa inapokata kona, zinaishia njiani. Tena salfa inapuliziwa alfajiri, umande umejaa, na unyevu huo unapandisha namba za chembe ndogo. Kinakosea huku na huku, halafu mtu anaandika "salama" kwenye ripoti!

Pua ya binadamu haina ubaguzi huo. Kiwango cha ISO 7708 cha 1995 kinachukulia kwamba hata chembe za maikroni 100, mtu anavuta kama nusu yake. Hazifiki ndani ya mapafu, sawa, ila zinakwama puani na kooni. Muulize aliyebeba mashine asubuhi nzima kajifunga kitambaa tu, macho yanamfanyaje.

Ninachodai ni ufanisi wa kunasa. Hewani zipo chembe 100, chombo kimekamata 20, basi ni asilimia 20. Maabara wanatumia handaki la upepo na vumbi la ukubwa unaojulikana, wanabadilisha kasi ya upepo, maana nayo inabadilisha kinachonaswa. Handaki hatuna. Lakini ipo pampu ya kuvaa mkandani, lita 2 kwa dakika, kichujio kinakaa karibu na kola, unakipima uzito kabla na baada. Iwekeni pembeni ya kisensa, mkorosho uleule, asubuhi ileile, tuone.

Na vumbi la kinywe la Ruangwa? Chembe zake ni bapa, linataka jaribio lake. Msiniletee majibu ya salfa.

Mtasema gharama. Basi nunueni visensa vitatu badala ya kumi, hela inayobaki ikalipie vichujio na mizani ya maana. Anayepinga anifuate maktaba, nipo mpaka saa nne usiku.