Fundi Kwanza, Kaboni Baadaye

Waendesha baiskeli wa milimani wana imani moja inayowagharimu pesa nyingi: kwamba nguvu ya gurudumu imo ndani ya vipuri. Mtu hununua ringi za kaboni, akatafuta habu yenye jina, akachagua spoki nene kuliko zote dukani, ndipo akaanza kuulizia nani atamsukia. Fundi anakuja mwisho kabisa, na aghalabu ndiye anayeombwa apunguze bei. Utaratibu huo ni wa kinyumenyume, na unawaumiza hasa wale walioweka akiba muda mrefu ili wapate magurudumu ya kudumu.

Chukua suala la spoki, maana hapo ndipo imani hii ilipoota mizizi. Spoki ya milimita 2.0 kutoka mwanzo hadi mwisho inaonekana imara kuliko ile iliyopunguzwa tumboni hadi 1.8 au 1.5. Lakini spoki ni nadra kukatika tumboni. Hukatika kwenye pindo linaloingia kwenye habu, au kwenye nyuzi za nipeli, na katika sehemu hizo mbili zote zina unene uleule wa milimita 2. Tofauti iko kwenye kunyumbuka. Spoki ya urefu wa milimita 290 ikivutwa kwa nguvu ya kilo 100, ile nene hurefuka takriban milimita 0.45, ya 1.8 hurefuka 0.56, na ya 1.5 hufika karibu 0.8. Nyongeza hiyo ndogo ndiyo inayookoa gurudumu.

Sababu yake ilielezwa vizuri na mhandisi Jobst Brandt katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981. Uzito wa mwendeshaji unapoishukia habu, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hupoteza sehemu ya mvuto wake, na zile nyingine karibu hazibadiliki. Kisha gurudumu linazunguka, na zamu inahamia kwa spoki zinazofuata. Gurudumu la inchi 29 huzunguka mara 435 hivi kwa kilomita moja, kwa hiyo safari ya kilomita 40 inailegeza na kuikaza kila spoki zaidi ya mara 17,000. Spoki iliyorefuka vya kutosha hubaki imekaza hata inapopoteza sehemu ya mvuto. Iliyorefuka kidogo hulegea kabisa, ikacheza ndani ya tundu lake, nipeli ikajifungua yenyewe, na chuma kikachoka pale kwenye pindo. Aliyeongeza unene ili apate uimara anaweza kabisa kuwa amenunua spoki itakayokatika mapema, iwapo aliyeisuka hakuikaza inavyostahili.

Na kukaza inavyostahili ni kazi ya mkono wa mtu. Spoki 32 zikivutwa kwa kilo 100 kila moja, jumla ya mvuto ndani ya gurudumu moja inazidi tani 3. Mvuto huo wote lazima ugawanywe kwa usawa. Gurudumu linaweza kuzunguka limenyooka kabisa huku spoki moja imekazwa kupita kiasi na jirani yake imelegea, kwa kuwa makosa mawili yanafichana. Mnunuzi akilizungusha dukani analiona limenyooka, anaridhika, analipa. Baada ya mteremko wa kwanza wenye mawe, siri inatoka. Fundi anayejua kazi hupima mvuto kwa kifaa chake, hurudisha spoki zilizojisokota wakati wa kukazwa, na hubana spoki mbilimbili kwa kiganja ili zikae sawasawa kwenye habu kabla baiskeli haijatoka nje. Hakuna ringi, iwe ya bei gani, inayojifanyia kazi hiyo.

Kaboni ina sifa zake na ni haki kuzitaja: ringi nzuri ya kaboni ni nyepesi na haibonyei kama aluminiamu. Hata hivyo, ugumu wake umekuwa ukisifiwa kana kwamba kila ugumu ni faida. Mwaka 2019 kampuni ya Zipp, ambayo imejijengea jina kwa kaboni, ilitoa ringi ya milimani iitwayo 3Zero Moto, iliyoundwa kwa makusudi ili ipinde kidogo inapokanyaga mawe. Waundaji wenyewe walikuwa wanatafuta unyumbufu.

Kwa wanaoendesha karibu na bahari, Mombasa, Tanga au Unguja, kuna jambo jingine zito zaidi. Nipeli za aluminiamu zikikaa kwenye ringi ya kaboni huku hewa ina chumvi, huliwa na kutu haraka hadi hazigeuki tena. Nipeli za shaba nyeupe au njano zinaongeza takriban gramu 40 kwa magurudumu yote mawili. Ni uzito wa kukubali bila kusita.

Afrika Mashariki haikosi ushahidi wa haya. Baiskeli za Kiingereza za mtindo wa zamani zilikuja na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Baiskeli za namna hiyo ndizo zilizobeba abiria mpakani Busia, biashara iliyozaa jina la boda boda. Fundi wa chini ya mti, anayenyoosha gurudumu kwa spana ndogo huku raba ya breki ikimwonyesha linapoyumba, anaelewa tangu zamani kwamba gurudumu hufuata mkono. Anachokosa mara nyingi ni kifaa cha kupima mvuto na spoki za urefu sahihi. Mwenye baiskeli ya milimani anayempita bila kumsalimu, kwa kuwa tu kibanda chake hakina kioo, anajinyima.

Fundi mzuri anajulikana kwa maswali yake. Anauliza uzito wa mwendeshaji, njia anazopita, upepo anaoweka kwenye tairi, na mara ngapi amewahi kupinda ringi. Anayeanza kwa kuonyesha orodha ya bei hajaanza kazi bado. Mteja naye aulize: mvuto utakuwa kiasi gani, utapimwaje, na je, gurudumu litaangaliwa tena baada ya safari za mwanzo?

Kwa mtu wa uzito wa kawaida, seti isiyo na makuu inatosha sana: ringi za aluminiamu zenye upana wa ndani wa milimita 30 hivi, matundu 32, spoki za 2.0 zilizopunguzwa hadi 1.8, nipeli za shaba, na habu kama DT Swiss 350 ambayo hufunguka kwa mkono bila vifaa maalumu. Spoki ziwe za pindo, kwa kuwa zile zilizonyooka hadi kwenye habu ni taabu kuzipata ukikwama Lushoto. Pesa inayobaki kwa kuacha kaboni ilipe saa za fundi, kwa ukamilifu na bila kuvutana, pamoja na spoki chache za akiba kwa kila urefu uliotumika, kwani gurudumu la nyuma kwa kawaida lina urefu wa aina mbili.