Hospitali teule si ya mapadri peke yao

Wapo watumishi wa Serikali wanaoiita hospitali ya Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, "ya mapadri", kana kwamba wanaotibiwa humo si wananchi. Hiyo ni kasumba. Jimbo Katoliki la Iringa ndilo linaloimiliki, lakini Serikali imeiteua iihudumie Halmashauri ya Wilaya ya Iringa.

Sera ya Afya ya 2007 imewasamehe malipo wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5. Msamaha huo ni haki, wala hakuna wa kuupinga. Ila glavu na uzi wa kushonea havipatikani kwa waraka. Fungu la Serikali likichelewa kuifikia hospitali teule yoyote, Iringa au Mbeya, mzigo humwangukia muuguzi wa zamu ya usiku: ama avunje agizo kwa kumtuma jamaa wa mgonjwa akanunue dukani, ama alitii akiwa mikono mitupu. Na jamaa huyo ameacha mahindi shambani, analala uani na sufuria yake, akimpikia mgonjwa ugali. Akidaiwa fedha haimlaumu wizara; humlaumu muuguzi aliye mbele yake.

Waheshimiwa madiwani waulize basi, barazani, fedha za hospitali teule zilifika tarehe ngapi.