Wacheni Mashine Ihesabu

Leo nimekasirikia namba.

Kwenye Fedora, kila pakiti ya programu ina jina refu lenye kitu kama hiki: 2.4.1-3. Ile 2.4.1 ni toleo la walioandika programu. Ile 3 ni ya mtu mwingine, yule anayeifunga kwenye pakiti ndio itufikie. Akirekebisha kitu, anapandisha iwe 4. Miaka mingi hiyo 4 imekuwa ikiandikwa kwa mkono.

Wiki jana, hapa Litein, nimerekebisha pakiti yangu mwenyewe, nikaijenga upya, nikaiambia kompyuta iiweke. Ikanijibu hakuna cha kufanya. Masaa mawili, manze! Kumbe nilisahau kugeuza 3 kuwa 4. Kwa kompyuta, namba ni ile ile, basi pakiti ni ile ile ya zamani.

Na dawa iko. Inaitwa rpmautospec, ilifika Fedora mwaka 2021. Pale pa namba unaandika %autorelease, umemaliza. Inahesabu mabadiliko uliyohifadhi kwenye Git tangu toleo lilipobadilika; toleo jipya likija, inaanza 1 tena. Watu wawili wakishika pakiti moja, hawagongani kila mmoja na 4 yake.

Lakini kuna wazee wa kazi wanang'ang'ana ati namba ya mkono ina maana, ati ya mashine inaruka kutoka 3 hadi 9 ovyo ovyo. Na ikiruka? Kompyuta inauliza swali moja tu: ipi kubwa? Mama akipeleka majani kituoni, mashine inatoa risiti na namba yake yenyewe. Sijawahi kuona mkulima, Kericho wala Bomet, akigombana na karani juu ya namba ya risiti. Wanagombania kilo!

Kilo za pakiti ni maelezo: umebadilisha nini, na kwa nini. Hapo ndipo pa kupiga kelele, kwa sababu ukiweka na %autochangelog, yale maneno yako ya Git ndiyo yanakuwa orodha ya mabadiliko tunayosoma sisi wote. Na watu wanaandika "rekebisha" peke yake. Rekebisha nini bana? Umeziba mlango wa wezi ama umebadilisha herufi moja? Mimi niko na bando ya saa moja, nataka kujua kama nishushe leo usiku ama ingoje hadi Ijumaa.